Chumba Namba Tisa

Gesti ya Mama Awiti ina vyumba kumi na viwili,
ngazi moja, tangi moja juu ya paa,
na harufu ya omena inayopanda kutoka Kibuye
hata ukifunga dirisha.

Alitangulia muuzaji mwenye tai na kabrasha.
Kila chumba, alisema, ada yake kila mwezi;
kisanduku ni chetu, nywila ni yetu,
kikiharibika usikiguse, tupigie Nairobi.
Mama Awiti akahesabu kwa vidole, akarudia,
akampa chai, akamsindikiza mpaka mlangoni.
Kisha akanigeukia mimi, fundi wa redio,
niliyekuja kumtengenezea pasi.

“Khasoa, wewe waweza?”
Nikasema naweza. Sikuwa na hakika.

Nikaokota sokoni televisheni za mtumba:
moja ina mstari wa kijani usiotoka,
moja huanza kusema kabla ya kuonyesha uso.
Nyuma ya kila moja nikabandika bodi
isiyozidi kiberiti,
na chini ya ngazi, nikiwahamisha mifagio,
kompyuta kuukuu isiyo na mfuniko,
inayohema kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

Programu sikuinunua.
Waliiandika watu nisiowajua sura wala kabila,
wakaiacha kama jembe lililoegemezwa ukutani:
chukua, lima,
ukiuona mpini umelegea, ukaze,
kisha urudishe.

Usiku kumi na mmoja nilikosea.
Sauti ya chumba cha nne ikaingia cha tatu;
mahubiri yakamshukia wakala wa mbegu za mahindi
katikati ya mpira.
Asubuhi akaniambia aliokoka dakika tano,
hadi bao lilipoingia.

Stima ikapotea, ikarudi, nikaanza upya.
Usiku wa kumi na mbili skrini zote zikaamka pamoja:
Oimore. Mulembe. Karibu.
Mama Awiti akapita mlango hadi mlango,
ameshika rimoti kama mtu ashikaye yai.
“Mgeni siku mbili,” akasema,
“ya tatu mpe hii.”

Mzee Wandera wa Budalang'i alikaa siku kumi na nne.
Mkewe alikuwa Rasha, ndivyo tunavyoiita hospitali kuu,
na yeye, chumba namba tisa,
aliketi kila usiku mbele ya ukurasa wa kwanza
bila kubonyeza kitu.

“Binti, hapa pameandikwa nini?”
“Pameandikwa chagua.”
“Nichague nini?”
Akaficha mikono chini ya shuka.
Ndipo nikajua
kwamba nilijenga nyumba yenye milango mingi
na kila kitasa nimekitengeneza kwa herufi.

Nikamketisha Mama Awiti chini ya ngazi,
nikanyamazisha feni, nikampa simu aisemee:
Hii ni habari. Hizi ni nyimbo.
Hizi ni saa za kuona wagonjwa:
saa saba mchana, saa kumi na moja jioni.
Akakohoa katikati. Sikuifuta kohozi hiyo.

Tangu hapo, kupitia ukuta, nilimsikia mzee
akiigusa ile ya tatu, ya tatu, ya tatu,
saa anazijua,
ila usiku ni mrefu na sauti ni ya mtu.

Siku ya kumi na tano alishuka ngazi
na nguo za mkewe katika mfuko wa plastiki,
zimekunjwa vizuri mno.
Hakuna aliyeuliza.
Alilipa, akahesabu chenji, akasema,
“Mwambieni yule mama apone kikohozi.”

Vile visitari mia mbili nikavirudisha
ukutani, pale pa jembe.
Baada ya miezi, mtu wa nchi ya theluji
akaniandikia: ana vyumba sita,
ameweka sauti ya nyanyake.

Mstari wa kijani bado haujatoka.
Na Atemo, anayetandika vitanda,
akifika namba tisa huibonyeza ile ya tatu,
asimame na foronya begani,
asubiri kikohozi,
ndipo atandike.